Nilimlilia Mwenye Nyumba

Juma lililopita mliniacha kando ya barabara ya Ramisi, nimekalia cherehani ya marehemu mume wangu, na basi limeshaondoka na kikapu changu cha nguo. Wengi mmeuliza kama kikapu nilikipata. Sikukipata. Lakini cherehani ilifika Msambweni, nami nilifika nayo, na kwa hilo nashukuru.

Kwa aliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza: jina langu ni Waridi, kwetu ni Jego, karibu na Vanga. Mume wangu Suleiman alikuwa fundi wa kushona. Alifariki mwaka ule ule tuliopata Uhuru. Nilipotoka eda, shemeji yangu Alfani alisema mjane wa ndugu yake ni amana yake, na cherehani ni amana yake pia. Kwa jinsi alivyokuwa akiitazama, niliona anaanzia kwenye cherehani.

Nikafunga virago.

"Huko mjini humjui hata wa kukuazima chumvi," Alfani aliniambia. "Utarudi tu. Na ukirudi, utarudi kwangu."

Nyinyi wa Mombasa mtacheka mkisikia Msambweni inaitwa mji. Lakini mahali penye hospitali, soko la kila siku, na redio mbili zinazojibizana kutoka nyumba mbili, mtu wa Jego apaiteje?

Chumba nilikipata kwa Mzee Jumbe. Alikuwa nokoa wa mashamba ya miwa zamani, akazoea kuamrisha watu, na alipostaafu akaendelea na wapangaji. Alikuwa na ndevu za hina mpaka kifuani. Ukimpa salamu, kwanza alizichana kwa vidole, ndipo akajibu.

"Chumbani humu nimekwisha kutoa watu wengi," aliniambia. "Mmoja alipiga ngoma. Mmoja alikaanga papa kila siku. Mimi sitaki makelele, sitaki shombo, sitaki nuksi. Nitakuangalia mpaka Ramadhani. Ukinipendeza, utakaa. Usiponipendeza, utaikuta cherehani barabarani."

"Imekwisha kaa barabarani, baba," nilisema. "Imezoea."

Hakucheka.

Lakini chumba kilikuwa cha mbele, na nje yake baraza inayotazama njia ya sokoni. Fundi akikaa ndani gizani, nani atajua kuwa anashona? Pale barazani kila apitaye na suruali iliyochanika alikuwa ananiona. Nikikikosa chumba kile, sina kazi. Nikikosa kazi, narudi Jego. Na Jego ni Alfani.

Kwa hiyo nilikaa kwa adabu. Nilikaa kwa adabu mpaka nikachoka na mimi mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza kisimani nilikuta ndoo zimepangwa mstari na hapana mtu. Nikasema alhamdulillahi, wenyewe wamekwenda zao. Nikazipita, nikateka.

Kelele zilizotoka kwenye kivuli cha ukuta, Mungu ndiye ajuaye.

"We mama! Umetoka wapi wewe?"

"Hana macho huyo?"

Mwanamke mmoja mwembamba akanishika mkono akanirudisha nyuma. "Dada," akaniambia, "hizo ndoo ni watu. Salimia, weka yako mwisho, kaa."

Huyo ndiye Kadzo, Mduruma aliyeolewa hapa, na nyumba yake imepakana na yetu. Ndiye mtu wa kwanza kuniazima chumvi. Nilitamani Alfani angeona.

Chumba cha pili cha Mzee Jumbe kilikuwa na Rispah, muuguzi wa hospitali, mtu wa bara. Yeye aliondoka alfajiri na sare nyeupe, akarudi amechoka, akala ugali wake, akalala. Alikuwa mtu mwema, ila hakuwa na nafasi ya kuwa jirani.

Wengine wote walinijibu salamu, basi. Harusi ilipita, nikasikia vigelegele tu. Akika ilipita, nikanusa pilau ukutani. Mimi nilikuwa yule wa Jego.

Sikukata tamaa. Kwetu najua jinsi mgeni anavyoingia mtaani. Harusini utangoja mpaka ualikwe, lakini matangani mtu huenda mwenyewe. Unaingia na ubani wako na mchele wako, unampa pole mfiwa, unakunja kanga, unakwenda jikoni kuosha masufuria. Ukitoka hapo wewe ni mwenyeji.

Basi nikawa nangoja. Astaghfirullah, sikuwa naomba mtu afe. Lakini ubani niliuweka tayari.

Hapo ndipo Mzee Jumbe alipoanguka na baiskeli akimkwepa mbuzi. Walimpeleka hospitali. Rispah aliniambia kwamba ameshonwa. Sikumuuliza ameshonwa wapi, kwa kuwa mwanamke haulizi mwanamume wa watu ameshonwa wapi. Nilimwombea dua, nikaendelea na kazi.

Siku chache baadaye, asubuhi ya Ijumaa, nilikuwa barazani napachika vifungo. Gari la hospitali likasimama mbele ya nyumba. Wanaume wakamshusha Mzee Jumbe juu ya machela, amefunikwa shuka nyeupe mpaka juu ya kichwa. Wakamwingiza ndani kimya kimya.

Sindano ikanidunga kidole.

Haukupita muda, nikaona sufuria kubwa la msikiti linabiringishwa njiani kuelekea kwetu. Nyuma yake mabenchi. Nyuma ya mabenchi mbuzi. Kisha wanawake, mmoja mmoja, kanga kichwani, wakiingia mlango wa uani. Hapana kigelegele, hapana kicheko.

Mimi ni mtu wa kuangalia kabla ya kusema. Nikatafuta wa kumuuliza. Kadzo alikuwa amekwenda kwao Kinango. Rispah alikuwa kazini. Nikatazama tena: shuka, sufuria, mbuzi, kimya. Jego ukiyaona hayo huulizi. Kuuliza ni kumwongezea mfiwa uchungu.

Nikafunika cherehani, nikajitanda kanga mpaka machoni, nikachukua ubani na kibaba cha mchele, nikazunguka uani.

Dini yataka mtu alie kwa kiasi, na ndivyo nilivyokusudia. Nilipanga machozi ya mpangaji: machache, yenye heshima. Kisha jikoni.

Mkewe Mzee Jumbe, Bimkubwa, alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele. Mama mnene, mpole, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tumesemezana salamu tu. Kutoka barazani wanaume wakaanza kusoma Yasini.

Ile Yasini ndiyo iliyoniharibia mpango.

Kwa sababu Suleiman alipofariki mimi sikulia. Yasini ilipokuwa ikisomwa, Alfani alikuwa akiizunguka nyumba anapima milango kwa shubiri, nami nilikuwa nimeikalia cherehani isitoke. Macho yangu yalikuwa na kazi nyingine. Nilidhani machozi yale yamekauka. Kumbe nilikuja nayo Msambweni.

Nikaanguka kwenye mkeka wa Bimkubwa.

"Umekwenda!" nikalia. "Umekwenda, na mimi nani atanitekea maji ya udhu alfajiri?"

Jikoni mwiko ukanyamaza.

"Nani atanitungia uzi kwenye sindano macho yakichoka? Nani ataniita ua lake?"

Bimkubwa akauweka chini ungo wa mchele. "Nani alikuwa akikutekea maji?" akauliza.

Mimi, kwa hali niliyokuwa nayo, nilidhani ni maneno ya mfiwa aliyechanganyikiwa. Nikamkumbatia.

"Yeye, mama. Kila alfajiri. Mola amlipe pepo."

"Kila alfajiri?"

"Hata mvua ikinyesha."

Nyuma yangu mtu alicheka ndani ya kanga. Nilishangaa. Nikasema moyoni, watu wa Msambweni wana namna yao ya kulia.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguliwa. Akatoka mwanamume anayejikongoja kwa bakora, kidevu kimefungwa bandeji, mashavu laini kama ya bwana harusi. Sikupata kumwona hata siku moja. Lakini paji la uso lilikuwa lile lile, na pua ile ile, nikajua papo hapo: ndugu wa marehemu.

"Nani huyo anayelia nyumbani kwangu?" akauliza.

Nikasimama, nikainamisha kichwa kwa heshima.

"Pole sana, kaka. Mmefanana mno, wewe na marehemu. Ila yeye, Mungu amrehemu, alikuwa na ndevu."

Hata wanaume barazani waliacha kusoma.

"Marehemu yupi?"

"Mzee Jumbe."

Yule mtu akainua mkono, akaupeleka chini ya kidevu, na kwa vidole vyake akachana hewa.

Hapo ndipo nilipomjua.

Hospitali walimnyoa ndevu ili wamshone kidevu. Shuka alijifunika mwenyewe, watu wasimwone. Yasini ilikuwa dua ya shukrani kwa kupona kwake, na vigelegele alivikataza kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma. Yote haya nilikuja kuelezwa baadaye. Wakati ule nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja na kibaba changu cha mchele, natazamwa na maiti.

"Uchuro!" Mzee Jumbe akapiga kelele. "Mwanamke huyu amenitia uchuro! Nimetoka hospitali mzima, ananililia mlangoni! Nitakufa!"

"Kabla hujafa," Bimkubwa akasema taratibu, "nieleze hayo maji ya alfajiri."

"Maji gani? Mimi? Hata wewe sijakutekea maji tangu nikuoe!"

"Ndilo hilo ninalouliza."

Niliweka mchele wangu chini, nikarudi chumbani kwangu kwa kuzunguka nyumba, na mpaka leo sijui nilipita njia ipi.

Jioni habari ikanifikia kwa kinywa cha Kadzo, aliyekuwa amerejea na kukuta mtaa mzima unacheka. Alijaribu kunipa habari kwa uso wa huzuni. Alishindwa, akakaa kizingitini akashika mbavu.

"Mwenehu," akasema, na hilo kwao ni ndugu yangu, "Mzee amesema Jumamosi ijayo umrudishie ufunguo. 'Ila yeye alikuwa na ndevu'! Hukuona hata pua?"

"Pua niliiona. Ndiyo iliyonidanganya."

"Na maji? Ulimsingizia mzee wa watu maji?"

Nikamweleza. Maji yalikuwa ya Suleiman. Uzi ulikuwa wa Suleiman. Aliyeniita ua lake alikuwa Suleiman. Nilianza na Mzee Jumbe, nikaishia kwa mume wangu. Kadzo aliacha kucheka. Akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, kisha akacheka tena, lakini polepole.

Sasa sikilizeni mambo ya mji. Siku zote nilizokaa kwa adabu hakuna aliyenijua. Kesho yake baada ya aibu ile, kila mtu alinijua.

Nilifika kisimani, ndoo zimepangwa mstari. Yule yule aliyenifokea siku ya kwanza akasimama. "Mpisheni Bi Kilio ateke," akasema, "asije akatulilia na sisi."

Wakacheka, nikacheka, nikateka. Nilipoondoka mmoja akaniita: "Bi Kilio! Una kazi nyingi? Nina gauni la binti yangu."

Watu walikuja barazani kunitazama, na mtu haji kutazama mikono mitupu. Huyu kaleta kanzu, huyu shumizi, huyu suruali ya mumewe. Nilishona mpaka mguu ukafa ganzi. Mzee mmoja alileta koti lililochakaa akaniuliza, "Nami nikifa, utanililia hivyo hivyo?" Nikamwambia aanze kuteka maji.

Alikuja na utingo mmoja wa lori la nazi, kijana wa Vanga, shati limechanika begani. Aliona watu wanacheka, akauliza kisa. Kadzo akaanza kumsimulia kwa mikono na miguu, jinsi nilivyoanguka mkekani, jinsi nilivyomlilia mwanamume aliyekuwa akinitekea maji kila alfajiri. Kabla hajafika kwenye ndevu, lori likapiga honi. Yule kijana akavaa shati lake, akanitazama kwa huruma kubwa, akasema, "Pole sana, mama," akakimbia.

Nilidhani ananipa pole ya aibu. Nikaendelea kushona.

Kazi nilikuwa nayo basi, na jina nilikuwa nalo. Nilichokuwa sina ni baraza ya kufanyia kazi baada ya Jumamosi. Kadzo alizunguka mtaa mzima kunitafutia chumba kingine. Kila mwenye nyumba alimwambia lile lile: kushona atushonee, lakini kulala alale kwingine. Nani alikuwa tayari kumweka Bi Kilio chini ya paa lake?

Kila siku Rispah alipoingia kumfunga Mzee Jumbe bandeji, nilimngoja atoke.

"Huyo mzee hana kitu," aliniambia. "Kidonda inapona vizuri. Lakini hataki kula. Anasema amekufa tayari, imebaki tu kuzikwa. Mimi nikamwambia, 'Mzee, wewe kula chakula, wacha maneno.' Unajua akaniuliza nini?"

"Nini?"

"Akaniuliza, 'Dada, wewe ulisikia vile alinililia? Ni kweli alisema hayo maneno yote juu yangu?' Mama, huyo mzee anafurahi! Anaogopa, lakini anafurahi. Anasema hakuna mtu mwingine alilia."

Kadzo aliposikia hivyo alipiga makofi.

"Basi umekwisha pona! Nenda kamwambie ndiyo, ulimlilia yeye. Mwambie machozi yalikuwa yake yote. Mpe sifa zake, atakupa na nyumba."

"Na Bimkubwa? Nikisema nilimlilia Jumbe, maji ni ya nani?"

Kadzo akaishusha mikono. "Kama ni hivyo, twende Kinango. Nina mjomba anajua kuondoa uchuro. Kuku mmoja tu."

"Kadzo, nimekwisha potea njia mara moja. Sitamwendea mganga."

"Basi utafanya nini?"

Mimi uchuro siuamini, ajali ya mtu iko kwa Mola wake. Lakini mwenye nyumba akiuamini, imani yake ndiyo inayoshika ufunguo. Na mbele yangu walikuwa waamuzi wawili. Bwana alitaka nimwambie kuwa nilimlilia yeye. Bibi alitaka nimwambie kuwa sikumlilia yeye. Nikimpendeza huyu namuudhi yule, na chumba ni kimoja.

Jumamosi nilisali alfajiri, nikafungasha. Cherehani niliifunga kwa kamba, nikaiacha barazani. Kisha nikachukua ufunguo, nikaenda mlango wa mbele. Uani sikutaka kupaona.

Walikuwa wamekaa wote wawili barazani kwao. Mzee Jumbe alikuwa ameanza kuota vinywele vyeupe mashavuni, havijapata hina. Bimkubwa alikuwa amempa mgongo.

"Shikamoo, Mzee Jumbe. Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Bimkubwa.

Mzee Jumbe alichukua ufunguo. Akaugeuzageuza. Kisha akakohoa.

"Kabla hujaenda," akasema, "nataka kuuliza. Yale maneno. Mtu mwema, sijui mpole, sijui anasaidia watu alfajiri." Akamtupia mkewe jicho, akateremsha sauti. "Uliyaona wapi kwangu?"

Akangoja. Wallahi, mtu yule aliyewatisha wapangaji wote aliningoja mimi kama mtoto anayengoja halua. Neno moja tu lilitakiwa. Bimkubwa hakugeuka, lakini mgongo wake ulikuwa unasikiliza.

"Sikuyaona kwako, baba," nilisema.

Mkono wake ukasimama.

"Nilikuja kukulilia wewe. Huo ndio ukweli. Nilikuwa na nia nzuri na ubani wangu. Lakini nilipokaa chini nilimkumbuka mume wangu, Suleiman. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka kabla yangu akanitekea maji ya udhu. Alipofariki sikupata nafasi ya kumlilia kwao. Nikamlilia kwako. Maji yalikuwa yake, mama. Mumeo hajanitekea hata kata moja. Naomba radhi kwenu nyote wawili."

Bimkubwa akageuka.

Alinitazama mimi. Kisha akamtazama mumewe, juu mpaka chini.

"Umesikia, Jumbe? Wanaume wa watu wanawatekea wake zao maji."

"Nimesikia."

"Hata mvua ikinyesha."

"Nimesikia, Bimkubwa!"

Mzee Jumbe alikuwa ameinama. Nilijua nimekwisha. Nimemnyang'anya kilio cha pekee alichopata kuliliwa, na nimemnyang'anya mbele ya mkewe.

"Kwa hiyo mimi hapana aliyenililia," akasema.

"Wewe bado uko hai, baba. Kuna wakati."

Akainua uso. Mdomo ukacheza upande mmoja, pale bandeji iliporuhusu. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka, kwa hiyo sikuwa na hakika kama ndicho alichokuwa akikifanya. Lakini Bimkubwa alianza kutikisika, kisha na mumewe, na mara wote wawili walikuwa wakicheka, mzee ameshika kidevu kisifumuke.

"'Ila yeye alikuwa na ndevu'!" akasema Bimkubwa huku akifuta machozi. "Jumbe, mpe mtu chumba chake. Huyu hajui kusema uwongo hata kwa faida yake. Wapangaji wa namna hii utawapata wapi?"

"Atakaa," akasema Mzee Jumbe. "Lakini sikiliza, Waridi." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina. Akaunyosha mkono wenye ufunguo. "Nimekusamehe mara moja. Sitaki kusikia kilio tena mlangoni kwangu mpaka siku ile nitakapokufa kweli. Siku atakapolia mtu hapa kwa sababu yako, awe wewe, awe mwingine, cherehani barabarani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Nikanyosha mkono kuupokea.

Lori la nazi likakata kona kutoka njia ya sokoni, likaja mpaka mbele ya baraza, likasimama. Juu hapakuwa na nazi. Palikuwa na wanawake, kanga kichwani, wameshikana mabega. Niliwatambua mmoja mmoja. Jego nzima. Na mbele yao, karibu na dereva, yule utingo ambaye shati lake nilikuwa nimelishona bega, ananionyesha kwa kidole.

"Waridi wee!" mmoja akapaza sauti. "Waridi, umefiwa tena, na hata hukutuambia kama umeolewa!"

Na wote kwa pamoja, kabla hawajateremka, wakaangua kilio. Huko kisimani walikisikia.

Aliyeshuka wa kwanza alikuwa shemeji yangu Alfani, mkeka kwapani, uso wa msiba kabisa. Aliiona cherehani barazani kwangu, imekwisha fungwa kamba, tayari kwa safari, na macho yake yakatulia. Kisha akakumbuka adabu. Akapanda ngazi, akamwendea Mzee Jumbe, akamshika bega kwa huruma.

"Pole sana, baba," akasema. "Na wewe ni nani wa marehemu?"

Mkono wa Mzee Jumbe uliokuwa ukinipa ufunguo ulikuwa umesimama njiani. Vidole vikaanza kuufumbata tena.